Tukifunika Kombe, Nani Anaumia?

Tusome: 2 Samweli sura ya 13 yote, halafu 1 Samweli 2, mstari wa 12 hadi wa 36.

Somo la leo si tamu. Tunaomba lisisomwe haraka haraka mwisho wa mkutano wakati kila mtu anangojea pesa za mzunguko. Litengewe siku yake. Kina mama na kina baba wakae pamoja, na vijana wakubwa wasifukuzwe, kwa maana jambo lenyewe linawahusu. Watoto wadogo watumwe wakacheze nje.

Kuna methali tunayoijua sote: Funika kombe mwanaharamu apite. Methali hii ina busara yake. Ugomvi mdogo wa mume na mke haufai kutangazwa sokoni. Jirani akikutukana siku moja akiwa amelewa, ukinyamaza, kesho mtasalimiana kisimani kama kawaida. Mambo mengi hupoa yakinyamaziwa, na mtu asiyeweza kufunika kombe hata mara moja ni shida kukaa naye. Lakini methali haituambii ndani ya kombe kuna nini. Kama ni uji, sawa. Kama ni sumu, basi mwanaharamu atapita zake, na mtoto wa nyumba ndiye atakayekuja kulifunua na kunywa.

Kanisani tumezoea kuhubiri juu ya yule mwenye dhambi. Leo tunataka kuzungumza juu ya sisi wengine: tuliojua, tuliosikia, tuliokuwa kwenye kikao tukasema mambo yaishie hapa.

NYUMBA YA MFALME DAUDI

Habari ya Tamari haisomwi sana kanisani, na tunaelewa ni kwa nini. Ni habari ya aibu, tena katika nyumba ya mtu wa Mungu. Amnoni, mzaliwa wa kwanza wa Daudi, alimtamani Tamari, dada yake kwa baba. Rafiki yake Yonadabu, ambaye pia alikuwa binamu yake, akampa hila: jifanye mgonjwa, mwombe mfalme amtume Tamari akupikie. Mfalme mwenyewe, bila kujua, akamtuma msichana. Tamari akapika mikate, akamletea ndugu yake. Amnoni akawatoa watu wote nje, akamshika kwa nguvu. Msichana alikataa. Alisema waziwazi kwamba jambo kama hilo halifanyiki katika Israeli. Hakusikilizwa. Baada ya kumnajisi, Amnoni akamchukia, akamwita mtumishi amtoe nje na kufunga mlango kwa komeo.

Angalieni alichofanya Tamari. Hakufunika kombe. Alitia majivu kichwani, akairarua ile kanzu yake ya binti mfalme, akaenda njiani akilia kwa sauti. Yeye, aliyekuwa na sababu zaidi ya wote ya kujificha, ndiye aliyesema. Walionyamaza ni wengine.

Ndugu yake wa tumbo moja, Absalomu, alimwambia anyamaze, kwa kuwa yule ni ndugu yake, asilitie jambo hilo moyoni. Hatudhani Absalomu alimchukia dada yake. Baadaye alipopata binti alimpa jina hilohilo, Tamari. Alimpenda, lakini alimnyamazisha. Watu wengi wanaowanyamazisha watoto wao wanawapenda.

Naye Daudi alisikia habari zote, akakasirika sana. Hapo Biblia inaishia kumhusu. Hatuambiwi kwamba alimwita Amnoni, wala kwamba alimwita binti yake amsikilize, wala kwamba aliwaita wazee. Alikasirika, basi. Hasira yake haikumsaidia Tamari kwa lolote. Tamari alikaa katika nyumba ya Absalomu akiwa mtu aliyeharibikiwa, na Biblia haimtaji tena akitoka humo.

Miaka miwili mizima ikapita. Kwa nje nyumba ilikuwa tulivu. Absalomu hakumwambia Amnoni neno jema wala baya. Jirani angesema, mnaona, yameisha. Kisha siku ya kukata manyoya ya kondoo Absalomu akawaalika wana wote wa mfalme karamuni, na Amnoni akauawa mezani. Habari zilipofika kwa Daudi kwamba wanawe wote wamekufa, ni Yonadabu yuleyule aliyemtuliza: hapana, amekufa Amnoni peke yake, kwa maana jambo hili lilikusudiwa tangu siku ile. Kumbe alikuwa anajua! Aliyetoa hila alikuwa bado anakaa barazani kwa mfalme kama mshauri.

Msiishie hapo. Someni pia mwanzo wa sura ya 15. Absalomu, baada ya kukimbia na kurudishwa, alianza kusimama kando ya njia ya lango asubuhi na mapema. Kila mtu aliyekuja na kesi kwa mfalme, alimwambia kesi yako ni nzuri lakini hapa hakuna wa kukusikiliza. Watu walimwamini. Sisi tunafikiri walimwamini kwa sababu yeye mwenyewe alijua kesi moja ambayo mfalme hakuisikiliza. Ndivyo alivyoiba mioyo ya Israeli. Vita vikaja, na katika msitu wa Efraimu, siku moja tu, walianguka watu 20,000 (2 Samweli 18). Wengi wao labda hawakuwahi hata kulisikia jina la Tamari.

Hatusemi kwamba vita vile vilikuwa na sababu moja tu. Nathani alikuwa amekwisha kumwambia Daudi, kwa ajili ya Uria, kwamba upanga hautaondoka nyumbani mwake. Lakini njia uliyopitia upanga huo tunaiona, nayo ilianzia kwenye mlango uliofungwa komeo na baba aliyekasirika akanyamaza.

HAPA KWETU

Sasa tuje vijijini kwetu. Mambo huenda hivi. Mtoto wa darasa la tano amenajisiwa siku ya Jumanne. Mara nyingi aliyefanya hivyo si mgeni. Ni jirani, mjomba, mwalimu, kijana wa kuchunga ng'ombe, wakati mwingine mtu anayekaa kiti cha mbele kanisani. Mama anajua jioni ileile. Anamwosha mtoto, anafua nguo, analia. Baba akirudi anaambiwa. Watu wa upande ule wanakuja usiku kuomba, ati tusiharibu undugu. Wazee wanaitwa, kikao kinawekwa Jumamosi. Jumamosi wanakubaliana: mbuzi wawili, pesa kidogo za hospitali, na mkono wa kusameheana. Anayefunga kwa maombi mara nyingi ni mtu wa kanisa. Mbuzi wanachinjwa, na yule mtoto hakuulizwa neno hata moja.

Tuhesabu pamoja. Kutoka Jumanne hadi Jumamosi ni zaidi ya saa 72. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI visiingie mwilini, ile inayoitwa PEP, ni lazima ianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Kwa hiyo wakati wazee wanavua viatu kukaa chini ya mti, mlango huo umekwisha kufungwa. Mtoto ameoshwa, nguo zimefuliwa, na yale ambayo daktari angeyaona hayapo tena. Na yule mtu bado yuko pale pale, anamwona mtoto akipita kwenda shuleni kila asubuhi. Amejifunza kitu kimoja tu: bei ni mbuzi wawili.

Kuna wanaosema kwamba Katiba yetu ya mwaka 2010 inaruhusu wazee kupatanisha. Ni kweli, kifungu cha 159 kinahimiza mapatano na njia za kimila. Tunashukuru kwa hilo, maana mipaka ya mashamba na ng'ombe walioingia mahindini wakipelekwa kortini kila siku hatutalima. Lakini kifungu hichohicho kinasema njia hizo zisitumike kinyume cha haki za binadamu, wala kwa namna isiyo ya haki. Na kuhusu watoto tunayo Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006. Kwa sheria hiyo, anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake hukumu ni kifungo cha maisha. Mtoto akiwa wa miaka 12 hadi 15, kifungo ni kisichopungua miaka 20. Akiwa wa 16 au 17, kisichopungua miaka 15. Tena kesi hiyo si mali ya baba wala ya ukoo. Ikishaandikishwa, uamuzi wa kuiacha ni wa mkuu wa mashtaka ya umma. Chifu hana mamlaka ya kuimaliza, wala kasisi, wala kamati yetu.

Ni kweli pia kwamba watu wengine wameenda polisi wakarudishwa. Hatutaki kudanganyana. Mwaka 2013 huko Busia, vijana waliotajwa kwamba wamembaka msichana wa miaka 16 na kumwumiza vibaya mgongo walipewa adhabu ya kukata nyasi kituoni, kisha wakaachiliwa waende nyumbani. Nyasi! Habari ikatoka magazetini, watu zaidi ya milioni moja wakatia sahihi kudai haki, na mwaka 2015 watatu kati yao wakafungwa miaka 15. Na mwaka huohuo wa 2013, tarehe 27 Mei, Mahakama Kuu ya Meru iliamua kesi iliyoletwa kwa niaba ya wasichana walionajisiwa ambao polisi hawakuchunguza malalamiko yao ipasavyo. Jaji alisema kule kuzembea kwa polisi kulivunja haki za watoto hao, na kwamba kulijenga hali ambamo watu wananajisi watoto bila kuogopa. Wasichana waliosimama nyuma ya kesi ile walikuwa watoto wa vijijini kama wetu. Walikubali kusema, na watu wazima wachache wakakubali kusimama nao.

Shuleni ni vilevile. Zamani mwalimu akiharibu msichana alikuwa anahamishwa, basi anaenda kuanza upya mahali ambapo hajulikani. Tume ya walimu, TSC, ilitoa waraka mwaka 2010 kwamba habari ya namna hiyo ni lazima iripotiwe ndani ya saa 24, na anayeificha naye ana hatia. Wazazi walio kwenye kamati za shule waulize kama waraka huo unajulikana shuleni kwao. Na sisi watu wa kanisa tusijifanye kuwa kando. Kumhamisha mtumishi wa kanisa kutoka kituo kimoja kwenda kingine kwa sababu kama hiyo ni kumpelekea mbwa mwitu kundi jipya la kondoo.

NYAMA YA MZEE ELI

Habari ya pili ni ya mzee Eli, kuhani wa Shilo. Wanawe Hofni na Finehasi walikuwa na uma wa meno matatu. Watu wakileta dhabihu, mtumishi alikuja na uma huo akachota nyama chunguni. Baadaye hata hawakungoja ichemke, walitaka mbichi, na ukikataa walichukua kwa nguvu. Walilala pia na wanawake waliohudumu mlangoni pa hema. Watu wakaanza kuidharau sadaka ya Bwana. Na ndivyo ilivyo mpaka leo. Kiongozi wa kanisa akila kwa ujanja, wengi hawamdharau yeye peke yake, wanadharau sadaka yenyewe.

Eli hakunyamaza kabisa. Aliwakemea, tena kwa maneno mazuri. Lakini hakuwatoa kazini. Mtu wa Mungu alipokuja kumwonya, alimwuliza kwa nini anawaheshimu wanawe kuliko Mungu, na kwa nini wananenepa wote pamoja kwa zile sadaka zilizo bora. Wote pamoja! Tunajua kutoka sura ya 4 kwamba Eli alikuwa mzee wa miaka 98, tena mzito. Nyama ile ilikuwa inafika mezani kwake pia. Ni vigumu sana kukemea kwa nguvu dhambi ambayo unapata kipande chake.

Hapa tuguse pombe, kwa maneno machache. Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa katika mitaa ya maskini Nairobi kwa kinywaji kilichoitwa kumi kumi, kwa sababu glasi iliuzwa shilingi kumi. Wengine walipona lakini wakawa vipofu. Mei 2014 ikatokea tena, safari hii Embu, Kiambu, Kitui na kwingineko. Kinachoua ni methanoli, kemikali ya viwandani ambayo kwa macho na kwa harufu inafanana na pombe ya kawaida. Ikiingia mwilini inageuka asidi inayoharibu neva za macho, na damu inachafuka. Mtu analala akidhani amelewa tu, anaamka akiuliza kwa nini taa haijawashwa.

Februari 2024, katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga, walikufa watu 17. Serikali yenyewe ilisema kwamba kinywaji kile kilikuwa kimekwisha kukamatwa na kuwekwa kituo cha polisi kama ushahidi, kikatolewa tena na kuuzwa. Fikirini njia iliyopita sumu ile. Kuna aliyeifunga kwenye chupa. Kuna aliyeitoa kituoni, kuna aliyeibeba, kuna aliyeiuza, na kuna waliojua kwamba mahali pale panauzwa vitu visivyo na kibali wakasema ni biashara ya watu, waachieni. Kitu kidogo kinachopewa askari wa doria kila Ijumaa ndicho ule uma wa meno matatu. Na mara nyingi sehemu yake inatufikia hata sisi: mwenye kilabu ndiye anayetoa mchango mkubwa kwenye harambee, tunampigia makofi, tunampa kiti karibu na mgeni wa heshima.

Kwenye vikundi vyetu mambo huanza kwa udogo zaidi. Tuseme mweka hazina amechukua elfu mbili za kikundi bila kuandika, mtoto alikuwa mgonjwa. Wawili wanajua. Wanaona haya kuuliza kwa kuwa ni mama mzuri, na kusema kweli ni mama mzuri. Mwezi wa tatu ni elfu nane. Siku ya kugawana mwishoni mwa mwaka daftari halilingani na sanduku, wanachama wanaondoka mmoja mmoja, na mjane aliyekuwa anaweka shilingi hamsini kila wiki kwa ajili ya mabati hapati mabati wala hamsini zake. Wale wawili wangeuliza mwezi wa kwanza, mama yule angerudisha elfu mbili kwa awamu na kikundi kingekuwa hai mpaka leo. Kunyamaza kwao kulimharibu yeye kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu mara nyingi haujengwi tena.

LAKINI YESU ALISAMEHE

Tukifundisha hivi, kuna ndugu atainua mkono na kuuliza kama Bwana hakusema tusihukumu, na kama hakumwachilia yule mwanamke aliyefumaniwa. Swali ni zuri, lisipuuzwe.

Katika Yohana 8 Yesu alimwokoa mtu dhaifu kutoka kwa kundi lenye mawe, kisha akamwambia asitende dhambi tena. Hakuiita dhambi yake kuwa si kitu. Na tuone alikosimama: alikuwa upande wa yule ambaye angeumia. Katika kikao cha mbuzi wawili, anayeumia ni mtoto, na sisi tumesimama upande wa pili tukitumia maneno ya Yesu. Yeye huyohuyo, kwa habari ya anayemkosesha mmoja wa wadogo hawa, alizungumza juu ya jiwe la kusagia na kilindi cha bahari (Mathayo 18).

Kusamehe ni jambo la aliyeumizwa, kwa wakati wake, mbele za Mungu. Si jambo la kaka yake kusamehe kwa niaba yake akiwa na nyama mdomoni. Na toba ina matunda yanayoonekana. Zakayo hakusema samahani tu. Alisimama akaahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Mtu aliyemnajisi mtoto anaweza kutubu, na mlango wa Mungu uko wazi kwake hata akiwa jela. Wachungaji na makatekista waende wakamtembelee huko. Kumsamehe si kumfichia.

Jambo jingine. Kuacha kuvumilia dhambi si ruhusa ya kumchoma mtu na tairi. Absalomu alichoka kungoja haki akaua, na tuliona mwisho wake. Kijiji kinachofunika makombe kwa miaka mingi ndicho hicho kinachoshtuka siku moja na kumpiga mtu mpaka kufa, wakati mwingine asiye na kosa. Yusufu alifungwa kwa kusingiziwa na mke wa Potifa. Ndiyo maana kuna daktari, kuna ushahidi, kuna korti ya kusikiliza pande zote mbili. Kazi yetu ni kuhakikisha mtoto anafika huko akiwa salama na mapema. Kuhukumu si kazi yetu.

SAA ZA KWANZA

Kwa hiyo kila kikundi kikubaliane leo. Jambo likitokea, mtoto asioshwe wala nguo zisifuliwe, hata kama roho inauma kumwona hivyo. Nguo zikivuliwa zifungwe kwenye gazeti au mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu zikipata unyevu zinaharibika. Hospitali kwanza, siku hiyohiyo, hata usiku. Matibabu hayangoji polisi. Kisha kituoni, na msiondoke bila nambari ya OB. Fomu ya P3 hailipiwi. Mtu akidai pesa, mwulize jina lake kwa adabu, utaona. Simu ya 116 ni ya watoto na haina malipo, na ile ya 1195 ni ya dhuluma za kijinsia. Ziandikwe kwa chokaa ukutani mahali mnapokutania.

Mama mwenye mtoto asiachwe aende peke yake. Hapa ndipo kikundi kina nguvu kuliko mahubiri. Mama peke yake mbele ya ukoo wa mume atashindwa, hasa kama aliyefanya hivyo ndiye anayeleta unga nyumbani. Mama akiwa na wanawake watano wa kikundi nyuma yake, hata askari anatafuta kalamu haraka. Vikundi vingine hutenga pesa za mazishi na za ugonjwa. Tunashauri mtenge kidogo kwa ajili ya nauli ya kesi, kwa maana kesi nyingi hazifi kwa kukosa ukweli, zinafa kwa kuahirishwa mara kumi mpaka shahidi anakosa pesa za matatu.

Na mtoto mwenyewe aambiwe, tena mara nyingi, kwamba hakukosa. Asikatazwe kwaya wala kucheza na wenzake. Asihamishwe kwa shangazi mbali kama kwamba yeye ndiye aliyechafua kijiji. Tamari alikaa ndani miaka yote ile, na hakuna mahali tunaposoma kwamba kuna aliyekwenda kumbishia hodi.

MASWALI YA KUJADILIANA

Katika sura ya 13, hesabuni watu wote waliojua jambo la Tamari kabla ya Amnoni kuuawa. Kila mmoja angeweza kufanya nini, na aliogopa kupoteza nini?

Katika kikundi chetu, ni nani anayeruhusiwa kuliona daftari la pesa, na liliangaliwa lini kwa mara ya mwisho na mtu asiyekuwa mweka hazina?

Je, katika mwaka uliopita kuna mchango au zawadi tuliyopokea kutoka kwa mtu ambaye tunajua kazi yake inaumiza watoto wetu? Kama ipo, tuifanyeje?

Mtoto wa hapa kijijini akiumizwa leo jioni, nani ataamshwa kwanza, nani ana simu yenye chaji, na ni pikipiki ya nani itampeleka hospitali? Andikeni majina hayo kabla ya kufunga kwa sala.